Anti, watoto wangu wa yoga wananikimbia katikati ya safari

Shikamoo Anti,

Naomba unisaidie maana nimekwama, na hapa nilipo nafikiria kuliacha hili darasa kabisa. Mi nafundisha yoga, watu wazima nimewafundisha karibu miaka mitatu na sijawahi kupata shida, mtu anakuja anatandika mkeka wake anakufuatisha mpaka mwisho anaondoka. Sasa miezi miwili iliyopita nikaombwa nichukue watoto, wako kumi na wawili, mdogo kabisa ana miaka 4 na wakubwa wawili wana 9, mara moja kwa wiki, dakika 45. Nikasema sawa, watoto si ndo wana viungo laini, itakuwa rahisi. Kumbe.

Siku ya kwanza nilifundisha kama ninavyofundisha wakubwa, simameni wima, vuta pumzi, toa pumzi, baada ya dakika kumi hakuna hata mmoja aliyebaki kwenye mkeka wake. Nikaulizia kwa wenzangu wakaniambia watoto hawafundishwi hivyo, unawasafirisha kwa mawazo, unatumia vitabu vya picha, kila mnyama anayetokea mnageuka yeye. Nikaipenda sana hiyo. Nikatafuta kitabu cha picha cha wanyama wanaozunguka dunia, kina kurasa kama 30, nikapanga kila ukurasa na pozi lake. Anti ilikuwa vurugu tupu. Mkono mmoja umeshika kitabu mwingine uko chini nawaonyesha pozi la mbwa anayeangalia chini, wa nyuma wanalalamika sioni sioni, wa mbele wameacha mikeka wamekuja kunizunguka, wawili wanagombania kufunua ukurasa, tulipofika ukurasa wa saba hakuna aliyekumbuka stori ilikuwa inasemaje, hata mimi.

Wiki iliyofuata kitabu nikakiacha nyumbani, nikawaambia laleni chini fumbeni macho, tuko msituni, msitu mnene una giza. Wale wa miaka 9 wakaanza kucheka eti mwalimu tuko chumbani hapa, na kamoja ka miaka 5 kakaanza kulia kanataka kwenda kwao.

Kinachoniuma zaidi ni binti mmoja wa miaka 6. Nilisema tuwe kobe, yeye akajikunja akaweka vidole kichwani anasema mi ni konokono, wenzake wote wakaacha kobe wakawa konokono, nikamkaripia mbele yao kwamba fuata ninachosema. Tangu siku hiyo anakaa ukutani, hafanyi chochote, anaangalia tu.

Halafu juzi mama mmoja kaniuliza kama ninachofundisha ni ibada, nikababaika sikumjibu vizuri. Na mwisho wa kipindi ile ya kulala chali kwa utulivu haiwezekani, ni kupigana mateke tu.

Hivi hii njia ya safari na vitabu inafanya kazi kweli au mi ndo sina kipaji cha watoto? Nawapenda Anti, sitaki kuwaharibia.

Mwalimu aliyekwama

*

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hizo wiki. Darasa usiliache. Njia yenyewe inafanya kazi, nimekaa na watoto wadogo muda mrefu na nimeona ikiwashika watoto ambao kwa kawaida hawatulii hata dakika mbili, ila kuna mambo umeyabeba kutoka kwa watu wazima ukaingia nayo safarini na hayo ndo yanakukwamisha.

Nianze na huyo binti wa konokono maana katika darasa lako lote yeye ndo amekuelewa zaidi. Kuna kitabu cha zamani cha yoga kutoka India, Gheranda Samhita, cha karne ya 17 hivi, kwenye sehemu ya mapozi kinasema mapozi yako 8,400,000, mengi kama zilivyo aina za viumbe vyenye uhai, halafu katika hayo 84 ndo bora na 32 yanamfaa binadamu. Ukiyaangalia hayo 32 unakutana na kobe, chura, simba, samaki, tausi, ngamia, jogoo, nyoka, nzige. Yaani waliotuachia hii kazi walimtazama kiumbe namna anavyokaa na anavyojinyoosha, wakajaribu kwa miili yao. Binti yako kafanya hichohicho. Kamtoa konokono kichwani mwake, na lilikuwa pozi zuri kiasi kwamba watoto kumi na mmoja walimfuata bila kulazimishwa, kitu ambacho wewe ulikuwa hujakipata bado (usikasirike, nakwambia kwa upendo).

Kwa hiyo muombe radhi. Na kwa sababu ulimkaripia mbele ya wenzake basi muombe radhi mbele ya wenzake, maneno mawili matatu tu, nilikosea, konokono wako alikuwa mzuri na mimi sikumpa nafasi. Usimlazimishe kuondoka ukutani siku hiyohiyo. Mtoto anayeangalia naye anajifunza, wapo wanaoangalia wiki tatu nzima halafu unasikia kwa mama yao kwamba nyumbani kanafanya yote tangu siku ya kwanza. Kuanzia sasa kila safari iache nafasi ya kiumbe mmoja anayetoka kwa watoto, na anayemtaja ndo anawaonyesha wenzake anakaaje, wewe unafuata kama wao.

Sasa kitabu. Kosa lako la kitabu ni dogo na linarekebishika kirahisi, ulitaka kusoma na kufanya pozi kwa wakati mmoja na hiyo hata mimi siiwezi. Tenganisha. Anza na kusoma, wote wamekusanyika karibu yako nusu duara, mikeka bado imekunjwa, soma taratibu waangalie picha mpaka waridhike, wacha waulize, wacha waguse ukurasa. Ukimaliza funga kitabu, kiweke mahali wanapokiona, ndo mtandike mikeka na safari ianze kwa kumbukumbu. Utaona maajabu hapo maana watoto watakusahihisha, mwalimu hapana kabla ya ngamia tulivuka mto, mwalimu umemsahau yule kasa, na mtoto akishaanza kukusahihisha stori ujue stori imekuwa yake na mwili wake utafuata wenyewe.

Kurasa 30 na mapozi 30 ni mzigo mdogo wangu. Vituo vitatu, sana sana vinne, vinatosha kwa siku, na kila kituo mkae. Ukichagua kitabu angalia picha kabla ya maneno, mnyama awe anafanya kitu, anachuchumaa, ananyata, anajinyoosha, amening'inia, maana mnyama aliyesimama tu anaangalia kamera hampi mtoto pa kuanzia. Picha iwe kubwa imejaa ukurasa, maneno machache. Vipo hata vitabu visivyo na neno lolote, hivyo kwa darasa lenye wa miaka 4 na wa miaka 9 pamoja ndo navipenda kuliko vyote, kila mmoja anaona cha kwake. Na kama shida ya sioni sioni inaendelea, waige Wajapani, wana usimuliaji unaitwa kamishibai, miaka ya 1930 wasimuliaji walikuwa wanazunguka mitaani na baiskeli wamefunga kisanduku cha mbao nyuma, picha ziko kwenye karatasi moja moja, upande wa mbele picha inawaangalia watoto, upande wa nyuma msimuliaji ana maneno yake. Kisanduku kinasimama chenyewe mikono inabaki huru. Unaweza kutengeneza cha kwako kwa boksi tu na karatasi ngumu, tena picha wachore wao.

Kuhusu safari yenyewe nikupe mfano mmoja nikueleze kwa kirefu, mingine utaitunga mwenyewe. Tuseme mnakwenda Antaktika. Kwanza mnasafiri na nini, waulize, wakisema meli basi kaeni muinue miguu muwe mashua, mawimbi yakija mnayumba kidogo kushoto kulia, hapo matumbo yanafanya kazi na wala hawajui. Mnafika, baridi, mnajikumbatia mnajisugua mikono na mabega. Halafu wasimulie kuhusu pengwini wakubwa kuliko wote, mama akishataga yai moja anakwenda baharini kutafuta chakula, baba anabaki amelibeba yai juu ya miguu yake, kalifunika kwa ngozi ya tumbo, anasimama nalo karibu miezi miwili kwenye giza la majira ya baridi bila kula. Sasa kila mtoto mpe soksi iliyoviringishwa aiweke juu ya miguu yake iwe ndo yai, watembee hatua ndogondogo visigino vimekaribiana, yai lisiguse barafu. Nakuhakikishia chumba kitanyamaza. Umewaambia watoto wasimame wima watulie mara ngapi ikashindikana? Hapo wamesimama wima, uzito umekaa vizuri miguuni, macho yametulia, pumzi imeshuka yenyewe, na hakuna aliyeambiwa nyoosha mgongo. Upepo ukivuma wale mababa wanasogeleana wanabanana wapate joto, na nyie mbanane, aliyekuwa pembeni aingie katikati. Mtoto asiyependa mapozi mara nyingi hapo ndo anajiunga maana hapo hakuna wa kumwangalia amekosea nini.

Unaona hiyo habari ya yai imefanya kazi gani. Habari ya kweli inampa mtoto sababu ya kufanya ile harakati, ndo maana nasema ukiandaa safari jisomee kidogo kuhusu mahali penyewe. Mkipanda Everest, mita 8,849, waambie kule kileleni hewa imekuwa nyepesi sana, ni kama theluthi moja tu ya iliyopo chini usawa wa bahari, kwa hiyo wapandaji wanakwenda pole pole na wanapumua kwa uangalifu, halafu mpumue hivyo mkiwa mmesimama kama mlima. Mkiwa Sahara mtoto akiuliza nundu ya ngamia ina maji usimkubalie, ni mafuta. Na usiwakutanishe dubu wa barafu na pengwini kwenye safari moja, porini hawakutani, mmoja yuko juu kaskazini mwingine kusini, watoto wakishalijua hilo watalilinda kama siri yao. Pia kumbuka sehemu hizo nyingine zina watu wanaoishi humo, Sahara ina miji na shule, isije ikawa dunia nzima kwa watoto wako ni wanyama tu.

Wale wa miaka 9 waliocheka walikuwa sahihi, mpo chumbani kweli, na wakubwa hawapendi kudanganywa. Usiwaambie tuko msituni, waambie tujifanye tuko msituni, halafu uwape kazi. Mmoja awe nahodha ameshika ramani halisi, anaonyesha tunatoka wapi tunapita bahari gani, mwingine agonge mihuri kwenye pasipoti za wenzake, vikaratasi tu mnavyotengeneza pamoja, kila safari mtoto anachora humo kitu kimoja alichokiona. Wakubwa pia wape pozi gumu kidogo la kituo hichohicho, wadogo wakiwa mti, yaani kusimama kwa mguu mmoja, kwa kushika ukuta wao wajaribu bila kushika. Hapo hawatacheka tena, watakuwa na kazi.

Huyo aliyelia ndugu yangu ulimpa vitu vitatu kwa mpigo, kulala chini, kufumba macho na giza la msitu mnene, kwa mtoto wa miaka 5 hiyo ni nyingi. Mawazo ya mtoto hayahitaji macho kufumbwa, yeye anaona msitu macho yakiwa wazi huku anaruka. Ukitaka giza liwe na mwezi, ukitaka msitu uwe na mlango wa kutokea na waujue tangu mwanzo. Na jambo ambalo wengi wanalisahau, uliyemtoa nyumbani lazima umrudishe. Usikatishe safari kwa sababu muda umeisha. Pandeni meli tena, pita kwenye yale mawimbi tena, mfike, mguse sakafu kwa viganja, kila mmoja ataje kitu kimoja anachokiona hapo chumbani. Dakika mbili tu, lakini mtoto wa namna hiyo anazihitaji kuliko mapozi yote.

Baada ya kurudi ndo mnapumzika, na hapo punguza matarajio. Dakika moja ya utulivu kwa wadogo ni nyingi, mbili tatu kwa wakubwa. Macho wafumbe wanaotaka. Mpe kila mtoto mdoli mdogo au ile soksi ya yai aiweke tumboni, alibembeleze lilale kwa kupumua, likipanda linashuka likipanda linashuka, na atandaze mkeka wake mbali kidogo na mwenzake ndo mateke yaishe. Hizo dakika 45 wala usijaze zote mapozi, kusoma na kuchora pasipoti ni sehemu ya kipindi.

Ya usalama naamini unayajua ila kwa watoto nayarudia. Usimsukume mtoto kwa mkono ili aingie zaidi kwenye pozi hata kama analegea kama mpira, viungo vyake bado vinakua. Kusimama kwa kichwa na kwa mabega acha kabisa kwenye kundi la watoto wengi, shingo haichezewi, mmoja akiangukia mwenzake utajuta. Wasibane pumzi. Ngamia kwa wadogo iwe ya kupiga magoti mikono kiunoni kifua kikifunguka kidogo tu. Miguu peku, wasiwe wametoka kula muda huohuo, na kabla ya kumgusa mtoto muombe ruhusa.

Yule mama mtafute wewe, usingoje arudi kuuliza. Mwambie ukweli, yoga imetoka India na ina mizizi kwenye dini za kule, Wahindu, Wabudha na Wajaini, hilo usilifiche. Halafu mwambie wewe na watoto mnafanya nini hasa, mnasoma kitabu, mnajinyoosha kama wanyama, mnapumua, mnapumzika, mnachora. Kama darasani huwa unasema Om (sauti takatifu ya Wahindu) au Namaste (salamu ya Kihindi) kwa mazoea basi kwa watoto hao acha, safari inaanza kwa honi ya meli na inatosha. Mkaribishe akae kipindi kizima aone. Akiona bado haimkai moyoni ni mtoto wake na uamuzi ni wake, muage vizuri.

Wiki hii usiende mbali. Kituo kimoja tu, bustani baada ya mvua kunyesha, na kitabu chochote chenye bustani na wadudu kitafaa. Jisomee kuhusu konokono kabla hujaenda, anatembea kwa mguu mmoja mpana chini ya tumbo, na yule wa nchi kavu macho yake yako kwenye ncha za zile pembe ndefu mbili, ukizigusa anazirudisha ndani. Mkifika bustanini usionyeshe pozi lolote wewe. Nenda pale ukutani, chuchumaa uwe kimo chake, umuulize huyo binti konokono huwa anatokaje kwenye nyumba yake, kisha subiri hata kama atachelewa kujibu.

Anti